Simu ya Ilogelo Ilikuwa Ikinywa Maji

Nawasikia mnacheka. Chekeni, meno mnayo. Tangu Jumapili, mjukuu wangu Tausi na wenzake walipoivumbua ile simu stoo nyuma ya magunia ya mpunga, nyumba hii haijatulia. Mmoja alidhani ni mashine ya kusagia kahawa. Mwingine aliipiga picha akawatumia marafiki zake, na nasikia sasa inajulikana mpaka Mwanza. Wa tatu alizungusha mpini huku mwenzake ameshika zile nyaya mbili za nyuma, na huyo mwenzake akaruka mpaka kwenye beseni la vyombo. Huyo nilimcheka mimi.

Lakini nilikasirika pia, sitawaficha. Tausi aliniuliza, "Babu, hivi hii kitu ilikuwa inafanya kazi kweli?" Mtoto wa Doto ndiye ananiuliza hivyo! Kama simu hiyo isingefanya kazi asubuhi moja ya mwezi wa kumi, Doto asingekuwepo, Kulwa asingekuwepo, na bibi yenu ningekuwa namtembelea makaburini. Kwa hiyo simu zenu zilazeni kifudifudi, nisikilizeni kidogo. Mtacheka tena baadaye, na safari hii mtakuwa na haki.

Nilikuwa fundi wa laini. Si fundi wa kukaa mezani na bisibisi ndogo, hapana. Kazi yangu ilikuwa nguzo, waya na baiskeli. Kituo chetu kilikuwa Kahama, na laini yangu ilitoka hapo ikaelekea magharibi, ikapita mashamba ya pamba na misitu ya miombo, ikaishia kwenye zahanati ya misheni ya kijiji kiitwacho Ilogelo. Njiani iligusa ghala la pamba na duka la Mwarabu mmoja. Wote hao walitumia waya ule ule mmoja. Kila mmoja alikuwa na mlio wake wa kengele, mrefu na mfupi, ili ajue anayeitwa ni yeye. Bila shaka wasioitwa nao walinyanyua wakasikiliza. Siri ilikuwa haipiti kwenye laini yangu. Mtu akitangaza posa asubuhi, jioni ghala zima la pamba linajua mahari.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Ramadhani, mtu wa Tabora, mfupi, mwenye miguu iliyopinda kwa kukumbatia nguzo. Alikuwa akinipeleka kwenye nguzo, ananiambia niweke sikio. "Unasikia nini?" Mimi nasema nasikia waya unaimba. "Unaimba vipi?" Mwanzoni nilidhani ananidhihaki. Baadaye nikaelewa kwamba waya uliokazwa vizuri una sauti yake, na uliolegea una yake, na nguzo iliyoliwa na mchwa ndani haina sauti kabisa, imekaa kama mtu aliyenuna. Hiyo usiipande. Mimi niliipanda moja mara moja tu, karibu na Bugarama, ikanilaza chini taratibu kabisa, kama mama anavyomlaza mtoto. Mzee Ramadhani alikuwa amekaa pembeni anakula muhogo. Alisema, "Sasa umeisikia?"

Mambo yaliyoharibu laini hayakuwa ya kitabuni. Ng'ombe walijikuna kwenye nguzo mpaka zikainama. Nyuki walihamia kwenye boksi la kuungia nyaya, na ukilifungua hawakuulizi kitambulisho. Waya wa shaba ulikatwa ukawa bangili, na nikawa nakutana na laini yangu mnadani, inacheza ngoma kwenye mikono ya akina mama. Mzee Ramadhani alikuwa akizisifia bangili zile kwa heshima, kisha anauliza kwa upole zimetoka nguzo ya ngapi.

Na kulikuwa na salamu. Ninyi mnaandika "mambo" mnamaliza. Msukuma wa wakati ule alikuwa hasemi shida kabla ya kumaliza salamu, na salamu haimaliziki mpaka ujulikane wewe ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, na ng'ombe wenu wanaendeleaje. Simu ya mbali ilikuwa inahesabiwa kwa dakika tatu. Nimeshuhudia mtu amepiga Mwanza kutoa habari ya msiba, dakika zote zikaishia kwenye ng'ombe, simu ikakatwa, na marehemu hakutajwa. Opereta wetu wa Kahama, Mama Mwajuma, alipata dawa yake. Alikuwa akiingia katikati na kusema, "Salamu zimefika zote, sasa semeni shida!" Watu walimwona hana adabu. Lakini habari zilifika.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Laini yangu ilikuwa ya waya mmoja. Mnaojua umeme mtaniuliza, umeme unarudije? Unarudi kwa ardhi. Kila kituo kilikuwa na chuma kirefu kilichopigiliwa ardhini nyuma ya ukuta, na waya mfupi ukitoka kwenye simu kwenda kwenye chuma hicho. Sauti yako inaenda kwa waya, mzunguko unarudi kupitia udongo. Ilikuwa njia ya bei nafuu na ilifanya kazi vizuri, alimradi udongo uwe na unyevu. Masika hakuna shida. Lakini nchi yetu mnaijua. Ikifika mwezi wa tisa, wa kumi, udongo wa mbuga unapasuka nyufa za kuingiza mkono, chuma kinabaki kimesimama kwenye vumbi, na sauti inapungua siku hadi siku mpaka unamsikia mtu kana kwamba yuko ndani ya mtungi.

Dawa yake ilikuwa maji. Unamwaga debe la maji kwenye shina la chuma, na chumvi ya mawe ukiwa nayo, na sauti inarudi. Sisi tulisema "laini ina kiu". Ilogelo kazi hiyo alipewa mlinzi wa zahanati, Mzee Lubango. Alikuwa mzee mrefu, mkimya, anayevaa koti la mvua kiangazi na masika. Kila siku mbili tatu za kiangazi alikinywesha chuma kile asubuhi, mapema, kabla wagonjwa hawajajaa. Na sisi mafundi tulikuwa na mlio wetu maalumu wa kumkumbusha: mrefu mmoja, mifupi miwili, tena na tena. Tuliuita kengele ya maji.

Nakumbuka siku Mzee Ramadhani alipomfundisha, mimi nikiwa nimeshika nyundo. Mzee Lubango alisikiliza kwa makini sana.

"Kwa hiyo sauti inapita humu chini?" aliuliza, akikanyaga udongo.

"Inaenda juu, inarudi chini," alijibu Mzee Ramadhani.

"Ardhi hii hii?"

"Hii hii."

"Hii inayofika mpaka Geita?"

"Ardhi ni moja, mzee. Haina mpaka."

Mzee Lubango aliitikia kwa kichwa. Baadaye watu wa pale walituambia kwamba mwanawe wa pekee alikwenda Geita kuchimba dhahabu mgodini, na mgodi ulipofungwa wengine walirudi, yeye hakurudi wala hakutuma neno. Mzee Ramadhani alimfundisha jambo moja zaidi, la kifundi, ambalo siku hiyo lilituchekesha sote. Alimwambia kwamba maji yakikosekana kabisa na jambo ni la haraka, mwanaume yeyote mwenye afya ana maji yake, tena yana chumvi tayari. Nilikuja kuona kwamba mafundi wote wa waya mmoja walijua hilo, ila hawakuliandika popote.

Miaka ilikwenda. Mzee Ramadhani alistaafu akarudi Tabora. Mimi nikaoa. Bibi yenu Kabula ni mtu wa Ilogelo, na msidhani nilikuwa naikagua laini ile mara kwa mara kwa sababu ya nyuki. Alipopata mimba ya kwanza, ikawa kubwa kuliko kawaida, alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyokuwa desturi. Mimi nilibaki Kahama bila wasiwasi. Si kuna simu? Niliifunga mwenyewe. Kukitokea lolote, zahanati itaita Kahama, Kahama itaita hospitali ya misheni, gari litatoka. Nilijiona bwana mkubwa ambaye mkewe analindwa na waya wake.

Mwaka huo zahanati ilipata mganga mpya, kijana aitwaye Deo. Watu walimwita Daktari. Alikuwa ametoka chuoni, amesomea Dar es Salaam, hajatimiza hata umri wenu ninyi wakubwa. Nilikuwepo wiki aliyofika, wakati wa mvua, na nilimwona anakutana na simu yetu. Aliizunguka. Aliinua mkonga akasikiliza. Akaurudisha. Akapapasa uso wa boksi.

"Fundi, namba ziko wapi?"

"Namba gani?"

"Za kuzungusha. Dar unaingiza kidole unazungusha namba."

Mzee Lubango alikuwa mlangoni na koti lake. Alisema, "Huyu anasagwa kwanza, ndipo anasema." Akaonyesha kwa mkono, kama mtu anayesaga.

Daktari Deo alizungusha mpini huku ameinua mkonga, kengele ikamlilia sikioni, akautupa. Mimi nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Yeye hakukasirika. Alicheka pia, akasema, "Haya mambo mimi niliyaona kwenye picha tu." Alikuwa kijana mzuri, lazima niseme. Aliwafundisha akina mama kuchemsha maji, alisimamia vyoo vichimbwe, na hakuwahi kumfokea mgonjwa. Nilimwonyesha: zungusha kwanza, kisha inua, kisha sema, ukimaliza zungusha kidogo ili opereta ajue umemaliza. Alishika haraka. Juu ya chuma cha nyuma hatukusema neno, kwa sababu ulikuwa msimu wa mvua na chuma hakikuhitaji kitu. Na kwetu sisi jambo lile lilikuwa la kawaida mno hata hatukuona la kusema.

Kiangazi kikaja, kikali. Kisima cha jirani kikakauka, na maji ya zahanati yakawa yanaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka mbali. Asubuhi moja Daktari Deo alitoka nyuma ya jengo akamkuta Mzee Lubango ameinama mbele ya chuma kilichosimama ardhini, anamwaga maji na chumvi, na midomo yake inacheza. Jiwekeni mahali pake. Angewaza nini? Usukumani mzee akimwaga maji chini asubuhi huku ananena, kila mtu anajua anafanya nini. Anatambika. Na pale ni kwenye zahanati ya misheni, nyuma ya ukuta wenye msalaba.

"Mzee, hapa si mahali pa matambiko," alimwambia.

"Si tambiko, Daktari. Ni simu."

"Simu inakunywa maji?"

"Inakunywa."

"Na unaisemesha?"

Mzee Lubango hakujibu hilo. Daktari Deo akaona amepata jibu lake. Alimweleza kwa adabu, maana alikuwa na adabu, kwamba wagonjwa wanagawiwa maji kwa kikombe, na si haki kuyamwagia ukuta, na tena imani hizo ziachwe nyumbani. Mzee Lubango alikuwa mtu wa kutii. Alilirudisha debe stoo.

Huku Kahama Mama Mwajuma alianza kulalamika. "Mtu wako wa Ilogelo anazama," aliniambia. Baada ya siku kadhaa akasema, "Laini yako ina kiu, Baba." Nilipiga kengele ya maji mara nyingi. Haikusaidia. Nikataka kwenda, lakini dizeli wakati ule ilikuwa ya kuotea, gari letu lilikuwa limekaa kwenye mawe, na baiskeli yangu haikuwa na tairi la nyuma, maana matairi nayo yalikuwa yameadimika. Nilisema wiki ijayo nitapata lifti ya lori la pamba. Tumbo la Kabula halikusubiri lori la pamba.

Siku hiyo, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa chumba cha simu nabadilisha betri. Ule ubao wa Mama Mwajuma ulikuwa na vifuniko vidogo vya namba; mtu akizungusha mpini huko aliko, kifuniko chake kinadondoka. Kikadondoka cha Ilogelo. Akachomeka waya.

"Kahama nasikiliza. Ilogelo, sema!" Akakunja uso. "Ilogelo! Sema kwa nguvu!" Akanipa vyombo vyake vya masikioni. "Wallahi sisikii kitu. Sikiliza wewe."

Nilisikia mlio kama wa mafuta kwenye kikaango, na ndani yake kitu kidogo, kama inzi ndani ya chupa. Alikuwa mtu. Alikuwa anapiga kelele, nilijua kwa jinsi inzi yule alivyokuwa akipanda na kushuka. Neno hata moja halikutoka. Kifuniko kikadondoka tena. Na tena. Kuzungusha mpini kunatoa umeme mwingi, unasukuma hata kwenye udongo mkavu. Sauti ya mtu haina nguvu hiyo. Kwa hiyo nilijua wananiita, na sikuweza kujua kwa nini.

Niliogopa. Nawaambia wazi ili msije mkadhani wanaume wa zamani walikuwa wa mawe. Mama Mwajuma akanivutia kiti. Nilisema, "Kabula." Akasema, "Usimtaje vibaya. Piga kengele yenu."

Nikapiga. Mrefu mmoja, mifupi miwili. Mrefu mmoja, mifupi miwili. Nilizungusha mpaka bega likawaka moto.

Yaliyotokea upande wa pili nilisimuliwa baadaye na nesi wa zahanati, na nikathibitishiwa na wahusika wenyewe, mmoja kwa fahari na mwingine kwa aibu. Kabula alikuwa ndani tangu alfajiri. Watoto walikuwa wawili, na wa kwanza alikuwa amelala kikingama. Daktari Deo alijua kabisa kwamba jambo lile linahitaji kisu, na kisu kiko hospitali. Alikuwa amesimama mbele ya simu, jasho linamtoka, anapiga kelele. Kengele ikaanza kulia. Akainua, kimya. Akaweka, ikalia tena. Mzee Lubango akaja mlangoni.

"Daktari, inaomba maji."

"Nani?"

"Simu. Hiyo ni kengele ya fundi. Fundi anasema chuma kina kiu."

Daktari Deo alimtazama. Kisha akasema neno ambalo mimi namheshimu kwalo hadi leo. Alisema, "Yako wapi?"

Hayakuwepo. Mkokoteni ulikuwa haujarudi. Pipa lilikuwa tupu, na maji pekee yalikuwa sufuria iliyochemshwa ya kumpokelea mtoto, na nesi alisema atakayeigusa atakutana na Mungu kabla ya mgonjwa. Ndipo Mzee Lubango akamweleza, kwa utulivu wa mtu anayetaja bei ya chumvi, jambo la pili alilofundishwa na Mzee Ramadhani.

"Hapana," akasema Daktari Deo.

"Mimi nimeshajaribu," akasema Mzee Lubango. "Yangu ni matone. Wewe bado kijana."

Kabula akapiga ukelele kule ndani. Daktari Deo akavua koti lake jeupe, akalitundika mlangoni, akaenda nyuma ya ukuta. Kabla hajaenda alimwekea Mzee Lubango mkonga mkononi, akamwambia asiuachie hata paa likianguka. Wagonjwa wawili wanaume walioona hali ile wakamfuata Daktari, wakasaidiana naye. Akina mama barazani waligeuzia nyuso upande wa barabara, na mmoja wao, nasikia, akaanzisha rozari.

Mimi huku nimeweka vya masikioni. Ule mlio wa mafuta ukapungua. Ukapungua tena. Halafu, safi kama mtu aliyekaa mbele yangu, nikasikia pumzi ya mzee.

"Ilogelo!" nilipiga kelele. "Ilogelo, mnanisikia?"

"Nasikia," ikajibu sauti. Kisha ikajiweka sawa, ikaanza salamu za Kisukuma, maana huyu alikuwa mtu aliyeitunza simu miaka yote na hajawahi kuruhusiwa kuishika. "Mwangaluka."

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba, ng'wanawane. Mwangaluka."

"Mwangaluka, baba! Kuna nini huko?"

"Mhola?"

"Mhola duhu, mzee, lakini—"

"Nyumbani hawajambo? Ng'ombe?"

Mama Mwajuma alinipokonya. "Mzee wangu, salamu zimefika zote, na ng'ombe hawajambo! Sema shida!"

"Wewe ni nani?"

"Mimi Kahama!"

"Oo, Kahama." Nadhani alidhani anaongea na mji mzima. "Hapa kuna mwanamke. Mtoto amekingama, na nyuma yake kuna mwingine. Daktari anataka gari la hospitali sasa hivi. Ni Kabula, mke wa yule fundi wa simu. Mumewe mtafuteni, apewe habari taratibu."

Mumewe alikuwa amekaa chini sakafuni.

Mama Mwajuma alikuwa tayari ameshika waya wa hospitali. Na hapo, kabla hajachomeka, ile sauti ikaongeza kwa unyonge kidogo, "Kahama, mama. Ukishamaliza hilo, unaweza kunipa Geita?"

"Nitakupa, mzee. Ngoja kwanza niokoe huyu."

"Sawa. Huyu kwanza," akasema Mzee Lubango.

Gari lilitoka. Mnajua lilifika, kwa sababu mama yako, Tausi, alitoka wa pili, akiwa amenyamaza, wakampiga makofi mpaka akakasirika, na hasira hiyo anayo hadi leo. Kabula alikaa hospitali muda mrefu, akarudi amekonda, lakini alirudi. Na mimi nikaitwa Baba Kulwa. Wapo waliotaka mapacha wale waitwe majina mengine, yanayohusiana na kilichomwagwa nyuma ya ukuta. Niliyakataa.

Mama Mwajuma hakusahau. Kesho yake aliita Geita, akauliza huku na huku juu ya mtoto wa Lubango. Wakamjibu kwamba watu wa mgodini walitawanyika zamani, hakuna anayemjua. Daktari Deo ndiye aliyempelekea mzee majibu hayo. Nasikia mzee alisema tu, "Basi amehama," akaenda kuchukua debe.

Maana debe lilirudi kazini, na safari hii kwa amri ya Daktari. Nilipopata lifti nikafika, nilimweleza Deo habari za waya mmoja na udongo. Alisikiliza, akauliza maswali mazuri kuliko yangu ya ujana. Kisha akasema, "Lakini fundi, yule mzee kweli alikuwa ananena kitu. Sikuota." Nilimwambia wazee hunena.

Ikapita miaka kadhaa. Misheni ikaletewa redio ya upepo, shaba ikaendelea kuwa bangili, na laini ya Ilogelo ikanyamaza mwanzoni mwa masika moja, haikurudi tena. Mwezi wa kumi wa mwaka huo nilitumwa kwenda kuing'oa: nguzo, vikombe vyake vya kaure vya kushikia waya, simu, chuma, vyote virudi stoo. Mzee Lubango alikuwa ameshafariki. Nilizunguka nyuma ya ukuta nikiwa na nyundo na mtaimbo, jua linachoma, udongo wote umepasuka.

Kuzunguka kile chuma udongo ulikuwa mbichi. Palikuwa na majani mabichi ya kutosha kulisha mbuzi.

Daktari Deo alitoka, mtu mzima sasa, ana kitambi kidogo. Tukasalimiana kirefu. Nikamwuliza nani anamwagia maji simu iliyokufa tangu masika.

"Mimi," alisema. "Mzee aliniachia."

"Unajua haitalia tena."

"Najua. Hata yeye hakuwa anamwaga kwa ajili ya kulia tu." Akatazama chini. "Alipokuwa mgonjwa nilimwuliza alikuwa akisema nini siku ile nilipomkataza. Nilidhani anaita mizimu. Akaniambia alikuwa anamsalimia mwanawe. Fundi wenu alimwambia sauti inapita ardhini na ardhi ni moja. Akasema mkonga haruhusiwi kuushika, lakini ardhini hakuna aliyemkataza, na mwanawe popote alipo lazima akanyage chini. Kwa hiyo akimaliza kumwaga maji anamwambia mwangaluka."

Niliweka mtaimbo chini.

"Na wewe unasema nini ukimwaga?" nilimwuliza.

"Nasema hivyo hivyo," akajibu. "Kisukuma changu kibovu, lakini nasema."

Nguzo niling'oa. Vikombe nilivihesabu nikavirudisha. Simu ilionekana haina kazi, wakanipa, ndiyo hiyo mliyoikuta nyuma ya mpunga. Chuma cha ardhi sikukigusa, na walioniuliza niliwaambia kimeliwa na kutu. Kipo mpaka leo, nyuma ya ukuta wa zahanati ya zamani. Mkipita Ilogelo kiangazi, Tausi na wenzako, kimwagieni maji kidogo, mseme mwangaluka. Na kama hamna maji, msifanye kama Daktari. Salamu peke yake inatosha.